KUONGOZA PASIPO CHEO: FUNZO LA KIWANJA CHA GAHANGA

Cheo ni dhamana, na aliye nacho hurahisishiwa kazi. Sajini akitoa amri, kikosi hugeuka. Askari wa barabarani akiinua mkono, magari husimama. Lakini mpe mtu huyohuyo watoto ishirini wa mtaani, Jumamosi asubuhi, awafundishe mchezo bila sare wala mshahara, ndipo itakapojulikana kama ni kiongozi au ni mwenye cheo tu. Watoto hawana mkataba naye. Wakichoshwa, wataondoka, wakitukanwa, hawatarudi.

Ndugu msomaji, desturi ya kujitolea si ngeni kwetu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi raia, askari na viongozi hushika majembe pamoja katika umuganda. Kumfundisha mtoto mchezo ni kazi ya namna hiyohiyo, ila jengo lake huonekana baada ya miaka mingi.

Tuutazame mfano wa Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Hapo pana kiwanja cha kriketi kilichofunguliwa Oktoba 2017, chenye jengo la mapaa ya upinde yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hapahapa, uliochanganywa na saruji na kushindiliwa. Kriketi ilienea nchini hasa kwa juhudi za Wanyarwanda waliorejea kutoka uhamishoni katika nchi jirani baada ya 1994, na Chama cha Kriketi cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1999. Mchezo mgeni hauenezwi kwa tangazo. Sharti pawe na mtu wa kwenda shuleni na mpira mkononi, akaonyeshe, akarudie, na wiki ifuatayo aonekane tena.

KUWAPO

Hilo ndilo funzo la kwanza: kuwapo. Kabla ya Gahanga, kriketi ilichezwa Kicukiro, katika uwanja wa iliyokuwa shule ya ufundi ya ETO. Wazee wa Kigali hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea hapo. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia shuleni hapo kwa sababu palikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Wakimbizi wale walichukuliwa na wauaji, na wengi wao wakauawa Nyanza ya Kicukiro. Sare zilikuwapo, silaha zilikuwapo, na vyeo vilikuwapo. Uliokosekana ni uamuzi wa kubaki.

Kufundisha mpira si sawa na kulinda uhai, wala hatuthubutu kulinganisha. Hata hivyo shina la uaminifu ni moja. Mtoto humpima mkubwa kwa swali fupi: je, atakuja? Mwalimu aliyeahidi saa mbili akafika saa nne amekwisha kufundisha somo, nalo si la mchezo.

Naye Eric Dusingizimana, mhandisi na nahodha wa timu ya taifa, alionyesha maana ya kubaki. Mei 2016, ili kuchangisha fedha za kiwanja cha Gahanga, alisimama akipiga mipira kwa muda wa saa 51, akipumzika dakika chache tu katika kila saa, hata akaandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Hakumwamuru mtu yeyote achange. Alitangulia kuchoka, na wengine wakafuata.

KUGAWA ZAMU

Funzo la pili limo ndani ya sheria za mchezo wenyewe. Katika kriketi mrushaji hurusha mipira sita, kisha humpisha mwenzake. Mechi fupi ina zamu 20 kwa kila upande, na hakuna mrushaji aruhusiwaye kushika zaidi ya zamu nne. Kwa hiyo timu haiwezi kumtegemea hodari mmoja. Yahitaji warushaji watano angalau. Mwalimu anayemshughulikia mwenye kipaji pekee, na kumwacha mnyonge aokote mipira, atashindwa siku ya mechi. Wakuu wa vikosi wanaijua hali hiyo: kazi yote ikimwelemea koplo mmoja mwepesi, siku akiugua kikosi kizima huugua.

KUKABIDHI

Funzo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mechi ikianza, mwalimu hukaa nje. Nahodha ndiye apangaye wadakaji, na ndiye aamuaye nani arushe na lini. Hivyo mwalimu anayetaka kushinda hana budi kulea mtu wa kuamua pasipo yeye.

Matunda yake yalionekana Januari 2023, nchini Afrika Kusini, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana walio chini ya umri wa miaka 19. Wasichana wa Rwanda walikuwa wamepata nafasi hiyo Septemba 2022 nchini Botswana, kwa kuishinda Tanzania. Walipofika huko waliifunga Zimbabwe, Henriette Ishimwe akiwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Kisha wakaishinda West Indies, ambayo ni maarufu katika mchezo huo. Wapinzani walitolewa wote kwa mikimbio 70, na nahodha Gisele Ishimwe akapata 31 bila kutolewa. Katika dakika zile nzito hapakuwa na mkubwa wa kumshika mkono. Aliamua mwenyewe, kwa kuwa alikwisha kuzoezwa kuamua.

NYUMBANI NAKO

Wazazi, funzo hili halibaki kiwanjani. Askari arudipo likizo hukuta watoto, si kuruta. Amri ya gwaride humfanya mtoto anyamaze, haimfanyi aelewe. Na msichana anayetaka kucheza asilemewe na maji, kuni na vyombo wakati kaka yake yuko kiwanjani. Wagawiwe zamu wote wawili.

Kwa yule mwenye nia ya kujitolea, aanze kidogo. Achague siku moja aiwezayo, wala asiibadili. Ajifunze majina ya watoto wote kabla ya kuwafundisha mbio. Mazoezi yafanyike hadharani, wazazi wakijua saa na mahali. Kila juma amteue mtoto mwingine awe nahodha, naye avumilie makosa yake.

Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hakunjwi kwa nyundo. Mwalimu akiona siku moja watoto wamejipanga na kuanza mazoezi kabla yeye hajafika, asidhani wamemdharau. Ajue kwamba kazi yake imefanikiwa.