Majani Yaweza Kuyakinga Mafigo?

Mwenyezi Mungu amemjalia mwanadamu mafigo mawili, kila moja lapata ukubwa wa ngumi. Kazi yao ni kuchuja damu usiku na mchana. Kwa siku moja huchuja maji ya damu yapatayo litri 180, na karibu yote huyarudisha mwilini; takataka hutoka katika mkojo. Dawa nyingi nazo hupita njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu dawa iponyayo ugonjwa mmoja yaweza kuyajeruhi mafigo. Jentamisini, iuayo vijidudu vikali, hukusanyika ndani ya vijifereji vya figo na kuviharibu. Sisplatini, dawa ya kansa, yaweza kuviharibu vilevile. Ibuprofeni hupunguza damu inayofika katika mafigo, hasa kwa mgonjwa aliyeishiwa maji.

Je, majani yaweza kuwa ngao? Wataalamu wamejaribu. Huwapa panya jentamisini, na baadhi yao huwaongezea maji ya mlonge au ya kitunguu saumu. Mara nyingi mafigo ya hao walioongezewa huonekana yameharibika kidogo kuliko ya wenzao. Habari hiyo yatia matumaini, lakini panya si mtu. Hata leo hakuna mmea uliokubaliwa na waganga kuwa kinga ya hakika.

Tena iko mimea iuayo mafigo. Mjini Bruxelles, Ubelgiji, kati ya 1990 na 1992, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vya mimea ya Kichina. Mahali pa mmea uitwao Stephania palitiwa Aristolochia, yenye sumu. Mwaka 1993 Profesa Jean-Louis Vanherweghem na wenzake walitangaza msiba huo. Wagonjwa walizidi 100. Wengi mafigo yao yalikufa kabisa, na wengine baadaye walipata kansa ya njia ya mkojo.

Basi, wazazi wapenzi, mgonjwa akilazwa, huruma isitusukume kumpelekea chupa ya majani kwa siri. Tumwambie mganga kila kitu alichokunywa. Tusizidishe kipimo cha dawa, wala tusimeze vidonge vya maumivu kila siku bila shauri lake. Mkojo ukipungua, au miguu ikivimba, tumwarifu mara moja.

Mimea ni zawadi ya Muumba. Akili ya kuipima nayo ni zawadi yake. Apokeaye ya kwanza na kuidharau ya pili hajamheshimu Mtoaji.