Kimbunga Hakifiki Kisumu, Lakini Ziwa Lina Dhoruba Zake

Bila shaka unakumbuka Mei 2024, shule zilipochelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko na habari za kimbunga Hidaya. Mtaani kwetu watu waliulizana, "Je, hicho kitu kitafika Kisumu?" Sikuwa na jibu. Nikapekua vitabu vya Jiografia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kimbunga huzaliwa baharini. Maji yakifikia joto la nyuzi 27 hivi, mvuke mwingi hupanda, ukapoa na kuwa mawingu. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo huzidi kuivuta hewa juu. Upepo hukimbilia pale hewa ilipopungua, na kwa kuwa dunia inajizungusha, upepo hupinda ukazunguka kama pia. Kikifika nchi kavu, kimbunga hukosa maji yenye joto ya kukilisha, kikadhoofika. Lakini kabla ya kufa hung'oa miti na mapaa, na kusukuma bahari hadi vijijini. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi Unguja. Kile cha Idai, Machi 2019, kiliuharibu mji wa Beira, Msumbiji. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, nguvu zikiwa zimepungua.

Kisumu je? Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, ambapo upepo haupindi vya kutosha. Tena tuko mbali na bahari. Basi kimbunga hakitufikii.

Lakini jameni, tusijidanganye! Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo hutoka ziwani. Usiku nchi hupoa, ziwa likabaki na joto. Upepo hutoka ufuoni pande zote, ukakutana ziwani. Hewa hupanda, kisha radi na mvua. Na usiku ndipo wavuvi wa omena wako majini na taa zao! Dhoruba hizi hazipewi majina. Mtumbwi ukipinduka, wanaojua ni wa nyumbani tu.

Baba yangu mdogo ni mvuvi. Siku hizi kabla hajatoka namuuliza kama amesikiliza utabiri wa hali ya hewa, na jaketi la kuokolea maisha liko wapi. Yeye hucheka, "We mtoto, umekuwa mwalimu wangu?" Lakini juzi nilimwona amelibeba. Tahadhari kabla ya hatari.