Kisiwa cha likizo: tazama kalenda na mwezi kabla ya picha

Juni ikiingia Sumbawanga, mji uliokaa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, makoti mazito hutolewa masandukuni na chai ya asubuhi hunywewa karibu na jiko. Ndio msimu huohuo simu zinapojaa picha za visiwa: nyumba nyeupe za Santorini zilizopangana juu ya bahari ya buluu, mchanga wa Nungwi, majahazi ya Mafia yakiwa yametweka tanga. Baridi ya Ufipa ikikutana na picha hizo, mtu mwenye akili timamu huweza kukata tiketi ya basi la Dar es Salaam kabla hajauliza swali hata moja.

Picha haisemi ilipigwa mwezi gani wala saa ngapi. Haisemi upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi, wala mpigaji alisubiri siku ngapi mvua ikatike. Kisiwa kimoja huweza kuwa raha tupu saa kumi jioni, na saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo kikawa uwanda mkavu usio na pa kuogelea. Kwa hiyo anayechagua kisiwa cha kupumzikia aanze na kalenda yake, kisha mfuko wake. Ramani na picha zifuate baadaye.

Bahari inayokwenda na kurudi

Aliyekulia Laela, Matai au Namanyere amezoea maji ya mto na ya ziwa. Kutwa nzima ufuko unabaki ulipo. Pwani ya Bahari ya Hindi mambo ni tofauti: maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika mita nne wakati wa bamvua.

Fika Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, maji yakiwa yamekupwa, uone. Bahari imejitenga mbali, karibu na mwamba unaopiga mawimbi meupe. Kati yako na mwamba huo kuna mchanga, madimbwi ya maji ya vuguvugu na vijiti vilivyopangwa safu kwa safu. Hayo ni mashamba ya mwani. Wanawake wameinama, kanga zimefungwa viunoni, wanakagua kamba na kujaza magunia. Kwao saa ya kupwa ni saa ya kazi. Mgeni aliyeshuka na nguo zake za kuogelea hutembea mwendo mrefu huku maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu, akikanyaga kwa uangalifu asichomwe na viumbe wa miiba waliojificha kwenye majani. Anayetaka kujua maisha ya watu wa pwani hiyo hatapata saa nzuri kuliko hiyo. Aliyewaahidi watoto kuogelea asubuhi, ana kesi ya kujibu.

Ratiba hiyo hujulikana mapema, na mwezi ndio unaoipanga. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Bahari haiendi mbali, na kujaa huangukia asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Familia yenye watoto wadogo inayotaka mashariki ya Unguja ipange siku zake kwenye maji mafu. Isipoweza kuchagua siku, ielekee kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako kina kiko karibu na ufuko na mtu huogelea karibu saa zote.

Kisha kuna mvua. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Bei za vyumba hushuka, na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga milango kwa matengenezo. Anayeona bei nafuu ya Aprili ajue unafuu huo umetoka wapi. Juni hadi Agosti hewa ni nzuri, lakini ndio wakati Wazungu nao wako likizo, na bei za vyumba hupanda.

Tukitazama Mediterania

Wapo Wafipa wenye ndugu Ulaya, na wapo waliojiwekea akiba ya safari moja kubwa maishani. Visiwa vya Mediterania vina sifa moja ambayo mgeni wa Jambiani ataionea wivu: sehemu nyingi za bahari ile maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita. Unaogelea unapoamka, unaogelea baada ya chakula.

Ila bahari hiyo nayo ina kalenda yake. Likizo ya Desemba, ambayo kwetu ndiyo ndefu, huko ni majira ya baridi na mvua. Hoteli nyingi za visiwa vya Ugiriki huwa zimefungwa, na maji ya Malta huwa baridi kwa mtu aliyezoea bahari ya Hindi. Julai na Agosti joto huweza kuvuka nyuzi 35 na vichochoro havipitiki kwa watu. Miezi ya busara ni Mei, mwanzo wa Juni na Septemba.

Halafu makaratasi. Malta, Sicily ya Italia na Crete ya Ugiriki vyote viko ndani ya eneo la Schengen, hivyo viza moja yatosha. Cyprus ina viza yake. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Unatakiwa bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, na ushahidi wa mahali utakapolala. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Mwombaji wa mara ya kwanza hutoa alama za vidole mwenyewe, kwa hiyo mtu wa Sumbawanga huanza kwa kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam kabla hajajua kama ataiona Malta. Mwenye haraka aiache.

Kisiwa cha chini ya mlima

Wakati huohuo mkoa wa Rukwa una visiwa vyake. Kipili, wilayani Nkasi, iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mbele yake vimetawanyika visiwa vidogo, vikiwamo Lupita na Ulwile. Kutoka Sumbawanga unapita njia ya Namanyere, kisha unaanza kushuka kutoka uwandani. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unashuka kama mita elfu moja kwa safari ya mchana mmoja. Koti linavuliwa njiani.

Maji yenyewe ni maajabu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal ya Urusi tu. Penye miamba, maji ni angavu kiasi cha kuona samaki wadogo wa rangi wakizunguka mawe, wengi wao wa aina zisizopatikana ziwa lingine lolote. Huhitaji chombo cha gharama. Miwani ya kuogelea yatosha. Uliza wenyeji kwanza pa kuingia: kaa mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na mbali na majani ya ufukweni kwa sababu ya kichocho.

Usiku ndio una mambo. Kipindi cha giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa wa Kirando na Kipili huingia ziwani na taa zao, na kutoka ufukweni unaona safu ya mianga imekaa juu ya maji hadi mbali. Alfajiri mzigo unashushwa na kuanikwa juani, kisha safari ya kupanda Sumbawanga inaanza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa na vyombo vingi hubaki pwani. Mgeni anayekwenda Kipili wiki ya mwezi mpevu ataona ziwa zuri, lakini mianga hiyo ataikosa.

Kalenda ya Kipili ina jambo jingine ambalo wenye likizo ya Juni hulisahau. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na ziwa huchafuka; kuvuka kwenda kisiwani kwa mtumbwi mdogo si jambo la mzaha. Mwaka 2024 Tanzania pia ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Anayekwenda kwa ajili ya migebuka ya kuchoma aulize kwanza kama ziwa limefunguliwa. Mwishoni mwa Septemba na mwezi Oktoba, upepo ukiwa umetulia na mvua hazijashika, ndio wakati wake.

Usipange safari kwa kutegemea meli bila kuuliza. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ndiyo iliyokuwa kamba ya kuunganisha Kigoma, Kipili, Kasanga na Mpulungu ya Zambia kwa miongo mingi kabla ya kuegeshwa kwa ajili ya ukarabati.

Kipili ina kasoro, na si vizuri kuificha. Malazi yake yamegawanyika mno. Upande mmoja kuna sehemu za kifahari zilizojengwa kwa kumlenga mgeni mwenye dola. Upande wa pili kuna nyumba za wageni za kawaida zinazomfaa mfanyabiashara wa dagaa anayelala usiku mmoja. Mwalimu mwenye mke na watoto watatu hana pake. Ndiyo sababu moja inayomfanya apite Tunduma na Mbeya hadi pwani ilhali ziwa liko mkoani kwake.

Mafia na Pemba

Kwa aliyekwisha kuiona Unguja, Mafia inastahili. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula viumbe vidogo vidogo tu, hamdhuru mtu. Kisiwani Chole kuna magofu na miti iliyojaa popo wakubwa. Unafika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, au kwa kivuko kutoka Nyamisati wilayani Kibiti, safari ya bei nafuu inayotaka subira.

Pemba inamfaa anayetaka utulivu. Ina vilima, kijani na msitu wa Ngezi. Msimu wa kuchuma ukiwadia, karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya barabara na harufu yake hukufikia kabla hujaziona.

Popote uendako, kagua chombo. Msiba wa MV Nyerere, Ukerewe, Septemba 20, 2018, uliua watu zaidi ya 200, na kivuko kilikuwa kimezidisha abiria. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Kama hakina jaketi za kujiokolea, usipande.

Uamuzi

Sheria ya kazi humpa mwajiriwa likizo ya siku zisizopungua 28 kwa mwaka, lakini wengi wetu fedha za kusafiria hutosha siku chache tu kati ya hizo. Mwenye siku tatu mwishoni mwa Septemba au mwezi Oktoba ashuke Kipili, wiki ya giza. Mwenye siku kumi mwezi Desemba na hamu ya kuona papa potwe aende Mafia. Mwenye watoto na likizo ya Juni aende Unguja kaskazini, au mashariki akiwa ameangalia mwezi, na asisahau kitambulisho chake cha NIDA, kwa sababu nauli ya mwananchi haifanani na ya mgeni. Anayeitaka Mediterania ajipange kwa Septemba ya mwakani na aanze makaratasi mapema. Na kama likizo yako imeangukia Aprili, iahirishe au kaa nyumbani.

Kwa wenye mitaji wa Sumbawanga na Namanyere, na kwa halmashauri ya Nkasi: Kipili inahitaji vyumba safi, vyenye vyandarua na choo ndani, kwa bei ambayo mtumishi wa kawaida anaweza kuilipa. Wageni wa kuvijaza wapo hapahapa Ufipa.