Watalii Huvuka Mpaka, Leseni Haivuki

Kampuni ya kutembeza watalii inayofanya kazi katika nchi ya kigeni hufungwa na sheria za nchi mbili kwa wakati mmoja: nchi iliyoisajili na nchi ambako mgeni anahudumiwa. Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, jambo hili liko mlangoni. Kutoka Kizuka, kwa mfano, barabara kuu namba 3 hupitia Rumonge na Nyanza-Lac, kisha huelekea Mabanda na mpaka wa Mugina. Ng'ambo ni Manyovu, mkoani Kigoma. Kutoka Kigoma mjini boti huenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mgeni mmoja anaweza kuona jiwe la ukumbusho la wapelelezi Livingstone na Stanley pale Mugere, akapumzika ufukweni Rumonge, kisha akawaona sokwe wa Gombe. Kwake ni safari moja. Kwa sheria ni biashara mbili.

Wengi hudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshaliondoa tatizo hilo. Burundi ilijiunga rasmi tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inazungumzia uhuru wa watu kusafiri, haki ya kuanzisha biashara na uhuru wa kutoa huduma. Hata hivyo, kila nchi iliorodhesha sekta inazozifungua na masharti yake. Raia wa Burundi huingia Tanzania bila viza, lakini ruhusa ya kuingia kama mgeni si ruhusa ya kufanya kazi. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi hujikwaa.

Tanzania Bara husimamia biashara hii kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Mwenye kampuni ya kutembeza watalii huhitaji leseni ya biashara ya utalii, na kabla ya kuiomba anapaswa kuwa amesajili kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) na kupata namba ya mlipakodi. Mgeni anayetaka kufanya kazi mwenyewe huhitaji vibali viwili: cha kazi na cha ukaazi. Kampuni za kigeni zinaruhusiwa, ila ada na masharti yake ni mazito kuliko ya wazawa. Zipo pia shughuli zilizotengwa kwa raia pekee, ikiwamo kazi ya kuongoza watalii.

Katazo hilo lilikazwa Julai 2025, pale waziri wa viwanda na biashara alipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuongoza watalii ikiwa miongoni mwake. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa hadi miezi sita na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Maana yake kwa kijana wa Kizuka ni hii: anaweza kulijua ziwa vizuri na kuzungumza Kiswahili kilekile cha Kigoma, lakini akiwaongoza wageni kwa malipo ndani ya Gombe anavunja sheria. Kutumia jina tu la Mtanzania ili kupata leseni hakumwokoi yeyote; kunawatia hatarini wote wawili.

Njia iliyo salama kwa kampuni ndogo ni ushirikiano wa wazi. Kampuni ya Burundi huwahudumia wageni hadi Mugina, na kampuni ya Tanzania yenye leseni huwapokea Manyovu kwa gari, dereva na mwongozaji wake. Mkataba kati yao uandikwe, utaje nani anawajibika wapi, malipo hufanywa lini na kwa sarafu gani, na mgogoro ukizuka utaamuliwa wapi.

Vyombo vya usafiri vina sheria zake. Burundi magari hupita kulia, Tanzania kushoto. Bima ya kawaida ya nyumbani inaweza kuishia mpakani, hivyo gari linalovuka huhitaji kinga ya kimataifa kama kadi ya njano ya COMESA, inayotambuliwa na nchi zote mbili. Gari la watalii lina ugumu zaidi: nchi jirani inaweza kulikataa. Mwishoni mwa 2014 Kenya iliyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Nairobi, ikiegemea makubaliano ya utalii ya mwaka 1985 kati ya nchi hizo. Boti nayo huhitaji usajili, ukaguzi na maboya ya kujiokolea, na abiria wake wapitie uhamiaji.

Mtanzania anayekuja Burundi naye ana milango yake: Shirika la Maendeleo ya Burundi (ADB) kwa usajili, mamlaka ya mapato (OBR) kwa kodi, na ofisi ya kulinda mazingira (OBPE) kwa hifadhi kama Vyanda.

Unabaki mkataba na mgeni. Useme bei inajumuisha nini, nani analipia matibabu na uokoaji, na fedha hurudishwaje safari ikikwama. Kwa mfano, Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kampuni isiyokuwa na kifungu cha dharura ya namna hiyo hubeba hasara yote. Anayeuza safari zake Ulaya ajue pia kwamba, chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Julai 2018, mwandaaji wa safari ya jumla huwajibika kwa huduma zote zilizomo, hata zinazotolewa na mshirika wake.

Kwa hiyo hatua zifuatane: kwanza kujua kazi ipi imetengwa kwa raia, kisha kumpata mshirika mwenye leseni halali, kisha bima na mikataba, na matangazo yaje mwisho. Pesa ya mgeni isipokelewe kabla pande zote mbili za mpaka hazijakamilisha karatasi zake.