Haiku kwenye ordinatere ya zamani: inafaa kazi ya kila siku?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inaomba giga 4 za memori na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na ordinatere nyingi za zamani hazina. Hivi wenye mashini hizo wanatafuta mfumo mwingine. Kati ya ile inayotengenezwa na watu wa kujitolea, kuna Haiku.

Haiku inafuata nyayo za BeOS, mfumo wa kampuni Be iliyoanzishwa mwaka wa 1990 na Mfaransa Jean-Louis Gassée, aliyekuwa mkubwa katika Apple. Mwaka wa 2001, kampuni Palm ilinunua mali ya Be, na BeOS ikakoma. Mwaka uleule wapenzi wake walianza kuiandika upya. Beta ya tano ilitoka Septemba 2024: baada ya zaidi ya miaka 20, bado waliiita toleo la majaribio.

Haiku ni ya bure na ni nyepesi. Inatembea hata kwenye mashini yenye memori chini ya giga 1, na inawaka haraka. Mtu anaweza kuandika barua kwa LibreOffice, kusikiliza muziki na kusoma habari kwenye intaneti.

Lakini vizuizi viko. Wifi ya mashini fulani haitambuliwi, imprimante nyingi vilevile. Programu za Windows, kama zile za hesabu za duka, kwa kawaida hazifunguke. Tena Haiku haitenganishe watumiaji: yeyote anayeiwasha anaona mafaili yote. Kwa ofisi inayochunga vitambulisho vya watu, au mashini inayotumiwa na wengi, hiyo ni hatari.

Kwa hiyo Haiku inafaa kama mashini ya pili, ya kujifunza na kuandika. Mwenye kutegemea ordinatere moja kwa kazi yake atapata usalama zaidi kwa Linux nyepesi kama Debian, yenye kupata marekebisho ya usalama kila mara.

Mwenye kutaka kujaribu aweke Haiku kwenye kle USB, awashe mashini nayo bila kugusa diski, kisha aangalie wifi, sauti na imprimante. Kama kimoja kinakataa, asifute Windows. Kama vyote vinakubali, atunze kwanza mafaili yake pembeni mbele ya kuiweka.