Tarzan alipokuja Kenya: filamu ya 1959 na yaliyokuwa yakitendeka nje ya kamera

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Tassia, Nairobi. Foleni ilikuwa ndefu, na kwenye televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyeshwa filamu ya zamani ya Tarzan. Kitoto cha miaka kama minane kilichokuwa kikinyolewa kikauliza, "Anko, mbona hao watu weusi hawaongei?" Kinyozi akacheka, akakiambia kitulize kichwa kisije kikakatwa. Swali likapita hivyo, lakini mimi sikuweza kuliacha.

Filamu yenyewe ni Tarzan's Greatest Adventure ya mwaka 1959. Tarzan alibuniwa mwaka 1912 na Mmarekani Edgar Rice Burroughs, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Sinema zake zilianza 1918. Wazee wetu wanamkumbuka zaidi Johnny Weissmuller, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea, aliyecheza filamu 12 kati ya 1932 na 1948. Msitu wake ulikuwa zaidi Marekani. Mandhari ya Afrika katika ile ya kwanza yalikuwa mabaki ya picha za filamu nyingine, Trader Horn, ambayo kikosi chake kilishukia Mombasa mwaka 1929 kabla ya kuelekea bara hadi Uganda. Kwa hiyo sisi watu wa Pwani tuna kasehemu ketu katika hadithi hii, hata kama ni ka bandarini tu.

Yule sokwe wake, Cheeta, ni uongo mwingine tulioumeza bila maji. Kenya haina sokwe wa porini. Walioko Ol Pejeta kule Laikipia waliletwa, na wa kwanza walitoka Burundi mwaka 1993.

Mwaka 1959 mtayarishaji Sy Weintraub alitaka Tarzan mpya. Huyu, Gordon Scott, anaongea Kiingereza kilichonyooka. Jane hayumo, na Cheeta anaonekana kidogo tu. Sehemu ya filamu ilipigwa hapa Kenya, kwa rangi, na nyingine katika studio za Shepperton, Uingereza. Miongoni mwa wabaya wake yumo kijana wa Kiskoti aitwaye Sean Connery, miaka mitatu kabla hajawa James Bond. Nikiri kwamba ni filamu nzuri. Ile safari ya kufukuzana mtoni inakubana hadi mwisho, na ubaya wa Slade, mkuu wa genge, unaaminika.

Lakini tazama inavyoanza. Wazungu wanavamia makazi usiku kuiba baruti za kwenda kuchimbia almasi, na wamejipaka rangi nyeusi ili waonekane Waafrika. Watu wanauawa. Kwa mtazamaji wa London huo ulikuwa ujanja wa hadithi tu. Kenya jambo hilo lilikuwa limetendeka kweli. Wakati wa vita vya Mau Mau, jeshi na polisi wa mkoloni waliunda magenge bandia yaliyoingia msituni yakijifanya wapiganaji, na maafisa wazungu waliofuatana nayo walijipaka weusi. Mmoja wao, Frank Kitson, aliandika kitabu kizima kuhusu kazi hiyo mwaka 1960, bila kuona haya.

Na mwaka uleule wa filamu, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Tana River, kwa sababu walikataa kazi ya shuruti. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Hola si mbali na sisi. Wapo wasomaji wa ukurasa huu wanaopita pale kila wiki wakienda Garsen au Garissa.

Hata hapa ninapoishi sina pa kukimbilia. Ndege zinazopita juu ya mapaa ya Tassia zinatua katika uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ambao ujenzi wake ulitumia nguvu za wafungwa wa Mau Mau.

Simlaumu mtayarishaji kwa kutotengeneza filamu ya Hola. Alikuwa akiuza burudani, na mfululizo wa Tarzan ulikuwa na kanuni yake: mzungu mwema dhidi ya mzungu mbaya, na mwenyeji abebe mizigo, akimbie au afe. Kanuni hiyo haikuwa na nafasi ya mtu mweusi mwenye neno la kusema, kwa sababu akisema, mtazamaji angeanza kuuliza anadai nini. Mwaka 1959 alikuwa akidai nchi.

Zamu yangu ilipofika, kitoto kilikuwa kimeshatoka, kichwa kinang'aa mafuta. Nilimwambia kinyozi kwamba picha zile zilipigwa Kenya. Akasimamisha mashine, akaitazama televisheni upya. "Kenya gani hiyo?" akaniuliza.