Sato wanahema juu ya maji alfajiri? Kagua maji kabla ya kununua dawa

Umeamka saa kumi na mbili asubuhi kuwapa samaki pumba, unakuta sato wamejaa juu ya maji, midomo nje, wanahema. Wawili watatu wamegeuka matumbo juu. Wafugaji wengi hapo hukimbilia duka la dawa, wakasaga vidonge vya antibiotiki na kuvimwaga bwawani. Mara nyingi ni pesa iliyopotea, na dawa inaweza kubaki kwenye nyama utakayokula. Samaki hao huenda hawaumwi. Wamekosa hewa.

Samaki huvuta oksijeni iliyomo majini. Mchana, vijimea vinavyolipa bwawa rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku navyo huivuta ileile, kwa hiyo karibu na mapambazuko ndipo inapokuwa kidogo kabisa. Samaki wakibanana, au mabaki ya chakula na samadi vikioza chini, hali huwa mbaya zaidi. Ukiona jua limepanda na samaki wametulia, shaka kubwa ni hewa. (Kambale asikutishe: yeye hupanda kuvuta hewa ya juu hata akiwa mzima.)

Siku hiyo usiwape chakula wala usiweke samadi. Toa theluthi ya maji, hasa ya chini, kisha ongeza maji safi ukiyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Maji ya bomba yenye klorini huua samaki, hivyo yaache kwanza siku nzima kwenye pipa lililo wazi. Wakati unasubiri, chota maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo uyamwage tena kutoka juu, mara nyingi. Inachosha, lakini huokoa.

Bwawa likiwa kijani, zamisha mkono mchana. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, vijimea vimezidi. Acha samadi mpaka maji yapungue ukijani.

Ugonjwa wenyewe huonekana kwenye mwili. Nyuzi nyeupe kama pamba ni ukungu, ambao hushika palipochubuliwa na wavu au mikono. Mtenge samaki huyo, umwogeshe maji ya chumvi. Igawe pakiti ya nusu kilo mafungu matano. Fungu moja ni la lita 10. Muache humo dakika 10, ukimtazama muda wote. Akianza kulala ubavu, mtoe mara moja umrudishe kwenye maji safi.

Vidonda vingi, tumbo kuvimba, macho kutokeza, na vifo kila siku ni jambo jingine. Huenda ni bakteria au virusi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kipo kirusi cha sato kilichotangazwa Israel mwaka 2014, kisha kikapatikana kwenye samaki wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda. Hakina dawa. Kwa hiyo usigawe vifaranga vya bwawa hilo, usiazimishe wavu, na waliokufa wazike mbali na maji. Mpigie afisa uvuvi au afisa mifugo wa eneo lako. Mweleze wamekufa wangapi, tangu lini, saa ngapi za siku, na ulikuwa unawalisha nini. Wapige picha wangali wabichi, kwani samaki aliyeoza hamwonyeshi chochote.